Mgeni Njoo, Nani Apone?



Wazee wetu walisema: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Leo twauliza: mgeni akiwa wa kifalme, hupona nani?

Mwezi wa Aprili 1954 Malkia Elizabeth wa Uingereza alizuru Uganda, na tarehe 29 akafungua bwawa la umeme la Owen Falls, pale Jinja. Lakini Kabaka Mutesa wa Pili, mwenyeji wa Buganda, hakuwapo. Alikuwa Uingereza, uhamishoni, tangu tarehe 30 Novemba 1953. Aliyemwondoa ni Gavana, Sir Andrew Cohen. Na mwaka ule ule wa 1954, Gavana huyo akavishwa nishani ya kifalme, K.C.V.O.

Nishani hiyo ni ya namna gani? Iliwekwa na Malkia Victoria mwaka 1896. Haitolewi kwa shauri la mawaziri. Mfalme au malkia huitoa kwa hiari yake, kwa waliomtumikia yeye mwenyewe. Ndiyo maana ziara za kifalme ziliacha nyuma vifua vilivyopambwa.

Tuelewane, ndugu zetu. Hatumwonei mtu kijicho. Mtumishi kushukuriwa na bwana wake si kosa. Tunalolikataa ni kuambiwa kwamba shukrani ya bwana ndiyo shukrani ya nchi. Waganda hawakuulizwa. Neno lao lilionekana mwezi wa Oktoba 1955, Kabaka aliporudishwa, watu wakafurika kumlaki. Hiyo ndiyo nishani isiyotengenezwa na sonara.

Lakini tusicheke ya wakoloni tukasahau yetu. Kiongozi wa chama akitutembelea, nani hutajwa jukwaani? Ni sisi tuliokalia viti vya mbele. Mama aliyeteka maji usiku, kijana aliyefyeka njia, mzee aliyetoa jogoo wake wa pekee, hao hawatajwi. Basi tofauti yetu na Gavana ni nini?

Kwa hiyo twaleta shauri mbele yenu. Kila ziara ikiisha, tawi likutane, na majina ya waliofanya kazi yasomwe mbele ya watu wote. Sisi makatibu tusomwe mwisho. Na asiyefanya kitu, asisomwe kabisa.

Mgeni na aje, ndugu zetu. Lakini mwenyeji ni mwananchi, naye ndiye apone.