Aogopaye Kushindwa Hashindani



Ukitoka Lodwar, mwendo wa kilomita 120 hivi, wafika Kakuma, ilipofunguliwa kambi ya wakimbizi mwaka 1992. Yiech Pur Biel alifika huko mwaka 2005, mtoto aliyetengwa na wazazi wake kwa vita vya Sudan. Alizoea kandanda, lakini mwaka 2015, vijana wa kambi walipojaribiwa mbio, alijitokeza.

Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, alishindana na wakimbiaji hodari wa ulimwengu katika mita 800, akashindwa duru ya kwanza. Je, alipata hasara? La! Mwaka 2022 alichaguliwa kuingia Halmashauri ya Kimataifa ya Olimpiki.

Ndugu zangu, akaaye kivulini kwa kuogopa aibu hatajua kamwe nguvu za miguu yake. Jitokezeni.