Barua Pepe Inapozimika Yenyewe

Juma hili nazungumzia programu ya barua pepe na kalenda inayojifunga ghafla katikati ya kazi. Wanaoumia ni wengi, na wengi wao huuziwa dawa isiyo ya ugonjwa wao.

Kule Mwazye, juu Ufipa, ipo ofisi moja, jina naliacha, ambayo barua zake za miaka mingi na tarehe zake zote za mikutano zimo ndani ya Thunderbird, kwenye kompyuta moja ya mezani. Programu ilikuwa ikianguka kila siku. Fundi aliyeitwa alitoa hukumu mbili: nunueni kumbukumbu kubwa zaidi, na ikishindikana tufute diski tuanze upya. Kufuta diski! Nami nilipoulizwa nilitaka kwanza folda nzima ya barua inakiliwe kwenye diski ya nje, ndipo mtu aguse kitu.

Mfipa atanielewa upesi nikisema diski ni kihenge na kumbukumbu ni ungo. Ulezi hukaa kihengeni mwaka mzima, ila wa kupepetwa humiminwa unguoni kidogo kidogo. Sasa basi, programu ya biti 32 katika Windows kwa kawaida hupewa ungo wa GB 2 tu, na hata ikiandaliwa maalumu haivuki GB 4. Ukijaza GB 16 ndani ya mashine, yenyewe haizifikii. Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, uliza toleo lako ni la biti 32 au 64.

Lile la Mwazye lilikuwa la 64. Tukabonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, tukaona kila programu imechukua kumbukumbu kiasi gani. Thunderbird ikaachwa wazi bila kuguswa, na karani akaandika kiasi chake kila nusu saa. Kilipanda tu, hakikushuka. Hiyo ndiyo programu inayovuja: inachukua nafasi, hairudishi. (Kingeruka ghafla wakati wa kufungua folda moja, ningeshuku folda hiyo na kuagiza irekebishwe. Faharasa yake huundwa upya, barua zikabaki.)

Tuliifunga, tukaifungua huku tumeshikilia Shift, ili ianze bila nyongeza zake. Siku nzima haikuanguka. Nyongeza zikarudishwa moja moja, kila siku moja. Ya tatu ndiyo iliyopatikana na hatia: kitu cha kupamba kalenda kwa rangi, ambacho hakuna aliyekumbuka kukiweka! Kalenda yenyewe imo ndani ya Thunderbird tangu toleo la 38 la mwaka 2015, haikuhitaji pambo. Fedha ya kumbukumbu ikabaki sandukuni.

Lakini kama programu nyingine nazo zinaanguka, na Windows inakuonyesha ule ukurasa wake wa buluu, iache barua pepe. Huenda kipande chenyewe cha kumbukumbu ni kibovu. Kipime usiku kucha kwa MemTest86. Makosa yakitokea, zima mashine, toa kipande kimoja, upime tena kilichobaki. Umeme ukikatika katikati, huna budi kuanza mwanzo.

Walioniandikia kuhusu printa nitawajibu juma lijalo.