Ngitili Haikuletwa na Mradi

Akina mama mliouza mbuzi ili mtoto alipe ada, vigelegele vya mahafali haya ni haki yenu.

Kazi yangu ya ugani wa mifugo nimeifanyia zaidi Usukumani. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, mwaka 1986, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa kipara. Misitu ilifyekwa kutokomeza mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, kisha Operesheni Vijiji, iliyowahamishia watu katika vijiji vipya, ikawatenga na ngitili zao, yaani malisho ya akiba ya jadi. Kilichorudisha miti kwa wingi ni utaratibu wa wazee wenyewe. Mvua zikianza, eneo linafungwa, nyasi zikue. Kiangazi kikikaza linafunguliwa, wanatangulia maksai wa kulimia, ndama na ng'ombe wagonjwa. Senyenge hakuna. Dagashida, mkutano wa jamii, inatunga sheria, sungusungu wanalinda, anayevunja analipa. Visiki vikachipua vyenyewe, na hekta mia chache za ngitili zikawa mamia ya maelfu. Mwaka 2002 HASHI ikapata Tuzo ya Equator.

Linaloniuma ni kwamba bado tunapeleka vijijini semina tulizoziandalia mjini. Afisa anafika saa nne, anaandikisha mahudhurio, anapiga picha, jioni yuko kwake. Ripoti inasema wafugaji wamejengewa uwezo. Mama aliyefiwa na ng'ombe kwa ukame hakuulizwa hata malisho yake ya akiba yaligeuzwa shamba na nani.

Sisemi wazee wanajua yote. Mvua zikichelewa, halafu zikamwagika kwa siku chache, ngitili iliyofungwa kwa mazoea ya zamani haitoshi. Hapo ndipo ninyi wahitimu mnapohitajika: kaeni na wazee, mpange nao upya lini pafungwe, lini pafunguliwe, na mifugo mingapi iingie.

Jambo jingine ninalolipigania popote niendapo ni kipimamvua. Kila kijiji kiwe nacho, daftari likae shuleni, mwanafunzi aandike kila siku saa tatu asubuhi. Mvua hunyesha kijiji hiki ikaruka cha jirani. Usimchagulie mtu mbegu ya mtama kwa takwimu za kituo kilicho wilaya nyingine.

Nanyi viongozi wa halmashauri mliopo hapa, wapeni vijana hawa pikipiki, na mafuta ya kuwafikisha hadi vijiji vya mpakani.