Mashine Mpya na Riziki Yetu
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Soy)



Reli ilifika Eldoret mwaka 1924, na wazee wetu waliona mengi. Mwaka 1955 na 1956 zililetwa injini kubwa 34 za mvuke kutoka Manchester, kila moja ikiitwa jina la mlima. Kufikia mwaka 1980 zilikuwa zimeondolewa, dizeli ikashika kazi. Injini ya mvuke ilitaka dereva, mchochea moto na waosha boila. Dizeli haina moto wa kuchochea wala boila ya kuoshwa. Basi watu wale walikwenda wapi?

Leo, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, mama shambani hupokea fedha kwa simu bila kwenda posta. Abiria wa treni mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyoanza mwaka 2017, hulipa tiketi kwa simu. Ni raha kwa abiria. Karani wa dirishani je? Kesho huenda mashine ikaandika hesabu yote na kutambua ufa wa reli kabla ya jicho la mtu.

Hatusemi mashine zivunjwe. Hata sisi tunazo simu mifukoni. Tunataka mtu afundishwe kazi mpya kabla ile ya zamani haijaondoka. Tena tuijue sheria. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 40, yamtaka mwajiri anayepunguza watu akiarifu chama mwezi mmoja kabla, na kulipa mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka uliotimia.

Ndugu, ukipewa karatasi usitie sahihi upesi. Ilete kwanza chamani. Tahadhari kabla ya hatari.