Kadenge na Mpira

Joe Kadenge, aliyezaliwa mwaka 1935 magharibi mwa Kenya, ndiye mchezaji ambaye jina lake liligeuka msemo. Alianzia Maragoli United, kisha akang'ara katika Abaluhya FC, ambayo leo ni AFC Leopards, na katika timu ya taifa. Silaha yake ilikuwa chenga: mpira ulionekana kama umegandishwa mguuni, na mabeki walipapasa hewa.

Ligi ya Kenya ya wakati huo haikuwa ya klabu za bara peke yake. Mwaka 1965 ubingwa ulitua Mombasa, mikononi mwa klabu ya Feisal. Mwaka 1966 na 1967 Abaluhya wakautwaa mara mbili mfululizo.

Sifa za Kadenge zilisafirishwa na redio. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mzaliwa wa Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, alirudia "Kadenge na mpira" hadi watoto wakaimba viwanjani. Wengi waliomshangilia hawakuwahi kumwona. Walimjua kwa masikio tu.

Mwaka 2002 Kadenge aliinoa timu ya taifa, Harambee Stars. Hata hivyo, soka ya enzi yake haikulipa, na uzeeni aliendesha teksi jijini Nairobi. Maradhi yalimwandama, naye akafariki Julai 7, 2019. Mbotela alimfuata Februari 2025.

Maisha ya Kadenge yanafundisha jambo moja zito: shangwe haimtunzi mchezaji. Taifa linalomwimba shujaa lina deni la kumwekea akiba angali na nguvu.