Kuamia Ndege Shambani: Mlinzi Ajifiche au Aonekane?

Mazungumzo ya elimu ya kilimo kwa wakulima wa mpunga na mtama



Swali la leo limetoka sokoni, kwenye marobota ya mitumba. Humo huja kofia, jaketi na hata glavu zenye mabaka ya kijani na kahawia, mfano wa magwanda ya askari. Wapo wakulima wanaozinunua wakiamini kwamba mlinzi akizivaa shambani ndege hawatamwona, naye atawapiga vizuri kwa manati. Jawabu fupi ni kwamba hazifai, kwa sababu ya ndege na kwa sababu ya sheria. Lakini jawabu fupi halimpi mkulima kitu cha kufanya kesho saa kumi na mbili asubuhi, kwa hiyo ni vyema jambo lielezwe kutoka mwanzo.

Glavu za namna hiyo zina kwao. Nchini Uingereza kuna njiwa mkubwa wa msituni anayekula ngano, shayiri, njegere na mimea ya mafuta, na wakulima wa huko humhesabu kuwa adui wa shamba. Sheria yao inaruhusu apigwe risasi kwa masharti ya leseni, ili kuzuia hasara ya mazao. Katika majira yao ya joto, Juni hadi Agosti, ngano iliyolazwa na mvua na mashamba yaliyokwisha kuvunwa huwavuta njiwa kwa wingi. Mpigaji hujenga kibanda cha wavu kando ya shamba, hupanga njiwa bandia mbele yake, kisha hukaa kimya akisubiri. Anataka njiwa aje karibu kabisa. Macho ya njiwa yako kando ya kichwa, naye huona karibu pande zote bila kugeuka. Uso mweupe ukiinuka, au mkono mweupe ukisogea kuelekea bunduki, anageuza bawa na kuondoka. Ndiyo maana wapigaji wa huko hufunika uso kwa chandarua na mikono kwa glavu.

Hata wao hawakubaliani. Joto linapozidi glavu hulowa jasho, na kidole hakihisi vizuri mahali pa kufyatulia, jambo la hatari kwa mtu mwenye bunduki. Wengine huvaa glavu nyepesi zilizokatwa ncha za vidole, wengine huziacha nyumbani wakasema kwamba anayejua kutulia hahitaji kitu. Wa pili hawa wana hoja nzuri, kwa sababu kinachomshtua ndege kwanza ni mwendo, rangi hufuata.

Sasa turudi kwenye ulingo wa mkulima wa hapa. Kazi yake ni kinyume kabisa na ya yule Mwingereza. Yule anajificha ili ndege waje. Huyu anaamia ili ndege wasitue. Mlinzi akijificha kwa mabaka, kundi litashuka bila wasiwasi, na kabla hajarusha jiwe la kwanza masuke yamekwisha kuonjwa. Jiwe moja la manati likipata, linampata ndege mmoja. Kweleakwelea hawaji mmoja mmoja.

Ndege huyo ni mdogo kuliko ngumi ya mtoto, uzito wake ni kama gramu 20, na mdomo wa dume wakati wa kuzaliana ni mwekundu. Inakadiriwa kwamba hula takriban gramu 10 za nafaka kwa siku. Kiasi hicho hakijazi kiganja, lakini kundi la ndege milioni mbili linaweza kumaliza tani 20 kwa siku moja, na makundi ya ukubwa huo yamekwisha kuonekana katika bara hili. Wakulima wa mpunga wa Kisumu waliyaona mwezi wa Januari 2023, ekari karibu 300 ziliporipotiwa kuharibiwa hadi serikali ikaingilia kwa kupuliza dawa. Chakula chao cha asili ni mbegu za nyasi za porini. Mvua ikinyesha na mbegu hizo zikaota, hawana tena cha kuokota, na hapo ndipo hugeukia mtama, mpunga na ngano. Hupenda hasa punje ikiwa bado ina maziwa, kwa kuwa ni laini.

Kwa hiyo mlinzi na aonekane, tena aonekane vizuri. Shati jekundu au la manjano ni bora kuliko la kijani. Asimame juu ya ulingo, atembee kingoni mwa shamba, apige kelele, apunge kitambaa. Ndege hula zaidi asubuhi mapema na jioni kabla ya kwenda kulala. Adhuhuri hupumzika kwenye miti na kutafuta maji. Mlinzi anayefika saa mbili akaondoka saa tisa amelinda saa ambazo ndege hawakuwa na haja na shamba, hata kama amechoka kweli.

Sanamu ya nguo kuukuu husaidia siku chache tu. Ikisimama palepale kwa wiki moja, ndege hutua hadi begani mwake. Ihamishwe kila siku mbili, ibadilishwe nguo, na ikiwezekana ivae shati ambalo mlinzi mwenyewe huvaa, ili ndege wasijue yupi ni mtu. Kanda za kaseti za zamani zikivutwa kati ya miti huvuma zikipigwa na upepo na kumetameta juani. Makopo yaliyofungwa kwenye kamba ndefu, mlinzi akaivuta kutoka ulingoni, huamsha shamba zima kwa mkono mmoja. Hizi nazo zibadilishwebadilishwe, kwani ndege huzoea kila kitu kisichowadhuru.

Hapa ndipo glavu ina kazi. Kamba ya makopo ikivutwa tangu alfajiri hadi jioni huchuna viganja, na glavu nene ya kazi ya rangi yoyote huzuia malengelenge. Anayetumia kombeo asivae, maana vidole lazima viachie kamba kwa wakati wake. Anayepanda mbegu zilizotiwa dawa avae glavu za mpira, kamwe asitumie za kitambaa. Kitambaa hunyonya dawa na kuishikilia kwenye ngozi siku nzima, afadhali hata mikono mitupu ingeoshwa kwa sabuni. Glavu ya mabaka iliyotoka mtumbani ni ya kitambaa.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63 ya Sheria za Kenya, inamkataza raia kuvaa bila idhini sare ya jeshi au ya polisi, au vazi linalofanana na sare hizo. Kwamba vazi liliuzwa hadharani sokoni si utetezi. Mtu aliyetoka shambani jioni amevaa kofia na glavu za mabaka, mkononi ana panga, akikutana na doria gizani, atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Bunduki nayo haimilikiwi bila cheti chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini tangu 1977. Mkulima asisikie habari za Uingereza akadhani leseni ile inafika hapa.

Kuna jambo zito kuliko mabaka. Serikali inapopuliza dawa mahali wanapolala kweleakwelea, dawa inayotumika sana ni fenthion, sumu ya jamii ile ile ya dawa kali za wadudu. Asubuhi yake ndege huwa wametapakaa chini kwa maelfu, nao ni kitoweo kinachopendwa. Watu huingia na magunia, wengine wamevaa glavu wakiamini wamejikinga. Glavu haiondoi sumu iliyo ndani ya nyama, na kuoka au kukaanga si dawa ya kuaminiwa. Ndege hao wasiokotwe, wasilishwe mbwa wala paka, na maji ya karibu yasitumike mpaka maafisa waseme. Mtu aliyegusa au kula akaanza kutokwa na mate mengi, kutapika, kuona ukungu, kutetemeka misuli au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja, na anayempeleka ataje neno dawa ya ndege ili daktari asipoteze muda.

La mwisho linahusu anayekaa juu ya ulingo. Tangu punje kutia maziwa hadi kuvunwa ni kama mwezi mmoja, na katika nyumba nyingi mwezi huo hubebwa na mtoto. Mpunga unapona, mtoto anarudi darasani wenzake wakiwa wamemwacha mbali. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ahakikishe mtoto anahudhuria shule, lakini ni kweli pia kwamba mama mwenye ekari moja hana fedha za kuajiri mlinzi. Njia inayowezekana ni majirani kupanda kwa wakati mmoja. Mashamba yakikomaa pamoja, ndege hugawanyika, na kila mmoja hupoteza kidogo. Shamba linalokomaa peke yake, liwe la kwanza au la mwisho, ndilo huliwa likaisha. Majirani waliopanda pamoja wanaweza pia kuamia kwa zamu, watu wazima wawili au watatu kwa mashamba kumi, na saa za ndege zikiwa asubuhi na jioni, mtu hubaki na adhuhuri ya kufanya shughuli nyingine. Palizi ifanywe mapema, kwa kuwa magugu ya jamii ya nyasi huwa chambo. Wenye mtama wanaweza kuchagua aina za punje za kahawia zenye ukakasi, ambazo ndege huziacha wakipata nyingine, ijapokuwa ugali wake hausifiwi na kila mtu. Mavuno yasicheleweshwe hata siku mbili baada ya kukomaa.

Anayeona kundi kubwa likilala mahali pamoja kwenye mafunjo, matete au miti ya miiba atoe taarifa kwa afisa wa kilimo wa wadi kabla ya mtama kutia maziwa. Aeleze jina la mahali, ukubwa wa eneo kwa hatua, saa ndege wanapoingia jioni na upande wanakotoka, na kama kuna kisima, mizinga ya nyuki au nyumba karibu. Kundi likiripotiwa mashamba yakiwa yamekwisha kuliwa nusu, maafisa hufika kuhesabu hasara tu.