Uso Uliopauka Hauhitaji Kuchubuliwa

Haya ni maandishi ya mazungumzo ya afya yaliyoandaliwa kwa vikundi vya akina mama, vijana, waendeshaji bodaboda na wahamasishaji wa afya ya jamii mjini Voi na viunga vyake. Yanachapishwa hapa ili wasioweza kuhudhuria nao wayapate.



Kila mkazi wa Voi anajua uso unavyokuwa mvua zikishakatika. Mtu akimaliza kunawa, ngozi inavuta kama imeshonwa. Akicheka, pembe za mdomo zinauma. Ikifika saa nane mchana, paji la uso limepauka na vumbi jekundu limekaa juu yake. Wakazi wa Wundanyi na Werugha wana ukungu na umande, lakini nao hawakusalimika, kwa sababu baridi ya kipupwe na moto wa kuni jikoni hukausha ngozi vilevile.

Jambo hili linaonekana dogo. Watu hucheka, wanasema ni kupauka tu, paka mafuta yaishe. Lakini kwa wengine kupauka ndiko mlango wa kuingilia kwenye madhara makubwa. Msichana anaambiwa uso wake umekauka na kufifia, kisha anauziwa kikopo kisicho na jina la mtengenezaji, au mchanganyiko uliokorogwa nyuma ya duka. Alitaka ulaini, akauziwa mkorogo. Ndiyo maana leo ni vyema kuelewa kwanza ngozi inakosa nini, ndipo ijulikane ipakwe nini.

Ngozi ya juu kabisa ni kama ukuta wa matofali. Matofali ni chembe ndogo zilizokufa, na udongo unaoyashikanisha ni mafuta ya asili ya mwili. Ukuta ukiwa imara, maji ya mwilini hayatoki ovyo na vumbi haliingii. Udongo ukibanduka, nyufa zinatokea, maji yanatoroka hewani, na kinachobaki ni mwasho, magamba na michaniko.

Hapo kuna hali mbili ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni ngozi kavu kwa maumbile, ile inayotoa mafuta kidogo. Mwenye nayo huwa nayo mwaka mzima, na wazee wengi huipata umri unaposonga. Ya pili ni ngozi iliyopungukiwa maji. Hii inaweza kumpata hata kijana mwenye chunusi na pua inayong'aa mafuta. Uso wake unang'aa, lakini akinawa unavuta na kuwasha. Kijana huyu akidhani tatizo lake ni mafuta mengi, ataosha kwa sabuni mara tano kwa siku, na kila akiosha atazidi kuukausha.

Ni nini kinachobomoa ukuta huo katika kaunti hii? Kwanza ni hewa kavu na upepo wa tambarare. Mwendeshaji bodaboda anayetoka Voi kwenda Mwatate bila kufunika uso anapigwa na upepo safari nzima. Pili ni jua, ambalo huwa kali zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Tatu ni maji. Visima vingi vya tambarare vina maji ya chumvi, na maji magumu hayakubaliani na sabuni. Yanaacha utando juu ya ngozi, na mtu anasugua zaidi akidhani hajatakata. Nne ni sabuni yenyewe. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, ilhali sabuni nyingi za mche ziko upande wa magadi. Sabuni iliyotengenezwa kuondoa mafuta kwenye sufuria na nguo haitabagua mafuta ya uso wa mtu.

Basi utunzaji unaanzia hapo, na hauhitaji pesa nyingi wala maji mengi. Hilo ni muhimu mahali ambapo mtungi wa maji unanunuliwa au unabebwa kutoka mbali.

Kikombe kimoja au viwili vya maji vinatosha kuosha uso. Maji yawe ya baridi au ya uvuguvugu, maana ya moto huyeyusha mafuta ya ngozi. Palipo na maji ya mvua yaliyokingwa, hayo yatengwe kwa ajili ya uso, hasa wa mtoto. Asubuhi maji matupu yanatosha. Jioni, baada ya vumbi la siku, tumia sabuni laini isiyo na manukato makali, mara moja tu. Usisugue kwa dodoki wala kwa jiwe. Kausha kwa kugusagusa na kitambaa safi, na usiache uso ukauke kabisa.

Hatua inayofuata ndiyo wengi hukosea. Mafuta hayana maji ndani yake. Kazi yake ni kufunika, ili maji yaliyomo yasitoroke. Mtu anayepaka mafuta saa moja baada ya kunawa, ngozi ikiwa imeshakauka, amefunga mlango maji yakiwa nje. Paka ndani ya dakika chache, uso ukiwa bado na unyevu. Kiasi cha punje ya haragwe kinatosha uso mzima.

Mafuta gani? Jeli ya kawaida isiyo na manukato, ile inayouzwa kila duka, ni miongoni mwa vizuizi bora vya maji, na bei yake ni nafuu. Mafuta ya nazi kutoka Pwani na mafuta ya simsim pia hufaa, ingawa mwenye chunusi aangalie, kwani yanaweza kuziba vinyweleo. Glisarini ni nzuri kwa sababu inavuta maji, lakini katika hewa kavu isipakwe peke yake. Ichanganywe na maji, ipakwe juu ya uso wenye unyevu, kisha ifunikwe kwa jeli kidogo.

Wengi huuliza kuhusu shubiri, kwa kuwa inamea karibu na kila boma. Jani lake lina vitu viwili. Chini ya ganda kuna utomvu wa manjano, mchungu, ambao huwasha ngozi. Katikati kuna ute mweupe unaopitisha mwanga, na huo ndio unaotuliza. Likatwe, liachwe lichuruzike, lioshwe, ndipo ute utumike, na jeli ipakwe juu yake. Ikumbukwe pia kwamba mishubiri ya porini inalindwa na sheria, hivyo ni bora kupanda wako nyumbani. Ndimu, dawa ya meno na magadi visipakwe usoni kamwe.

Na kunywa maji? Mwili unahitaji maji, hasa kwa anayefanya kazi juani katika mashamba ya mkonge au migodini. Lakini uso uliobomoka ukuta hautapona kwa kunywa pekee. Maji yatafika, kisha yatatoka. Kunywa, halafu ziba.

Sasa turudi kwenye kile kikopo kisicho na jina. Krimu za kuchubua mara nyingi huwa na kimoja au zaidi kati ya vitu vitatu: zebaki, haidrokwinoni, au dawa kali za hospitali za aina ya steroidi, kama vile klobetasoli na betamethasoni. Wiki mbili za kwanza uso hulainika na kung'aa, kwa sababu steroidi hutuliza mwasho haraka. Ulaini huo ndio mtego. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inaonekana, chunusi na nywele zinaota, na mtumiaji akiacha uso unawaka kama umemwagiwa pilipili. Anarudi dukani kununua tena. Haidrokwinoni ikitumiwa kwa muda mrefu huweza kuacha mabaka ya rangi ya samawati iliyokolea nyeusi ambayo ni vigumu sana kuyaondoa. Aliyetafuta weupe anapata weusi usiofutika.

Zebaki haiishii usoni. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo unaovimbisha mwili. Kati yao, 32 walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Hiyo ni zaidi ya nusu. Zebaki hupenya ngozi, huingia kwenye damu, hudhuru figo na mishipa ya fahamu, na humfikia mtoto tumboni. Hata asiyeipaka anaweza kuipata kupitia taulo, mto na mikono ya mama.

Ndiyo sababu sheria za Kenya zinakataza zebaki na haidrokwinoni katika vipodozi. Dunia nayo ina Mkataba wa Minamata, uliopewa jina la mji wa Japani ambako sumu ya zebaki kutoka kiwandani ilitambuliwa mwaka 1956 kuwaangamiza watu waliokula samaki. Kenya ni mwanachama wa mkataba huo.

Mnunuzi anaweza kujilinda. Angalia jina na anwani ya mtengenezaji, orodha ya viambato, tarehe ya mwisho ya matumizi na alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS. Namba ya kibali iliyo chini ya alama hiyo inaweza kuhakikiwa kwa ujumbe mfupi: andika SM, alama ya reli, kisha namba, utume kwenda 20023. Krimu ya kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye ndoo haina alama wala kibali. Iache hapo hapo.

Wako wanaohitaji uangalizi zaidi. Watu wenye ualbino ngozi yao haina kinga ya kutosha dhidi ya jua, na kwao uso mkavu wenye kidonda kisichopona unaweza kuwa mwanzo wa saratani. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu lina mpango wa kuwapa mafuta ya kukinga jua bila malipo, na mzazi anashauriwa kumsajili mtoto mapema. Majirani wa Taveta wanajua pia kwamba ng'ambo ya Holili, mjini Moshi, kuna Kituo cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi cha kanda hii, ambako hutengenezwa mafuta ya kukinga jua yaitwayo Kilisun, mahsusi kwa watu wenye ualbino. Kofia pana na leso ni kinga kwa kila mtu.

Nenda kituo cha afya kilicho karibu, au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Moi hapa Voi, ukiona uso unatoa maji au usaha, magamba yenye duara linalopanuka, mwasho unaokunyima usingizi, au ukavu usiopungua baada ya wiki mbili za utunzaji huu. Mtoto mwenye ngozi kavu inayowasha mara kwa mara huenda ana pumu ya ngozi, na inatibika. Na aliyekwisha kutumia mkorogo asione haya. Asiuache ghafla peke yake. Abebe kikopo chake, akionyeshe kwa mhudumu, asaidiwe kuacha kwa utaratibu. Hakuna atakayemcheka.

Jioni hii basi, ukifika nyumbani, tenga kikombe cha maji na jeli kidogo. Nawa, gusagusa, paka kabla hujakauka. Halafu mfundishe binti yako na mwanao wa kiume, kabla muuzaji wa mkorogo hajawafikia.